Mwongozo wa mfukoni wa kutambua kolekole na jamaa zao: hodari kwa mwili wa samaki, umechelewa kwa majina

Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikitumia mwongozo mmoja wa mfukoni wa kutambua samaki wa familia ya Carangidae, yaani kolekole na jamaa zao, na sasa nimeutumia mara za kutosha kuweza kueleza kwa haki ni wapi unamsaidia msomaji na ni wapi unamwacha njiani. Ni kijitabu kisichofika kurasa mia moja, kilichochapwa kwenye karatasi isiyopenya maji na kufungwa kwa waya wa mzunguko ili kilale wazi pembeni ya samaki bila kushikiliwa. Jambo hilo la waya laweza kuonekana dogo, lakini mtu ambaye mkono wake mmoja umeshika samaki mwenye utelezi na mwingine umeshika rula hana mkono wa tatu wa kuzuia kurasa.

Mwongozo wa familia hii ni mgumu kuandika kuliko inavyodhaniwa. Carangidae wana spishi karibu 150 katika jenasi zaidi ya 30, na ukiwapanga mezani kwa kufuata umbo peke yake hutaamini kwamba wana asili moja. Wamo Decapterus, wembamba na wa mviringo. Wamo Alectis, walio bapa kama sahani na wenye paji lililosimama wima. Wamo Seriola wenye misuli mizito, ambao mkubwa wao, Seriola dumerili, hufikia urefu wa karibu mita 1.9 na uzito wa kilo 80. Na yumo Naucrates ductor, samaki mdogo mwenye milia anayefuatana na papa na wanyama wengine wakubwa wa baharini. Neno letu kolekole, kwa watu wengi, humaanisha hasa wale wa jenasi ya Caranx na majirani zake wa karibu, wenye mwili mpana wa rangi ya fedha, shina la mkia jembamba na mkia wa panda. Kwa hiyo mwongozo wowote unaodai kuwaeleza wote hauna budi kuanza kwa kujibu ni kitu gani kinachowaunganisha.

Huu unajibu katika ukurasa wa kwanza wa ufunguo wake, yaani maswali ya hatua kwa hatua yanayomfikisha msomaji kwenye jina la samaki, na unajibu vizuri kuliko miongozo mingine yote niliyowahi kuishika. Unamtaka msomaji amgeuze samaki, atazame sehemu iliyo mbele ya pezi la mkunduni, na atafute miiba miwili mifupi iliyojitenga na pezi hilo. Miiba hiyo ndiyo alama kuu ya familia. Mchoro wake umekuzwa hadi kujaza nusu ya ukurasa, na pembeni yake kuna tahadhari ambayo waandishi wengi huisahau: kwamba katika baadhi ya samaki wakubwa miiba hiyo huzama ndani ya ngozi, kwa hiyo asiyeiona kwa macho aitafute kwa ncha ya kidole kabla ya kusema kwamba haipo. Nilipoisoma tahadhari hiyo nilijua kwamba aliyeandika kitabu hiki amewashika samaki mwenyewe, wala hakutosheka na maandishi ya wengine.

Baada ya miiba, ufunguo unapeleka macho kwenye mstari wa ubavuni. Katika kundi kubwa kuliko yote, nusufamilia ya Caranginae, sehemu ya nyuma ya mstari huo hubeba magamba magumu, kila moja likiwa na ncha inayoelekea mkiani, nayo hupangana kama vigae. Pitisha kidole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani na yatakukwaruza. Pitisha kwa upande wa pili na kidole kitateleza. Makundi mengine matatu ya mgawanyo wa kawaida hayana magamba hayo: Naucratinae, waliomo Seriola, Naucrates na Elagatis, Trachinotinae, wenye mwili mfupi na pua butu, na Scomberoidinae, ambao pandu ni miongoni mwao. Mgawanyo huu wa makundi manne ulipangwa vizuri na mtaalamu wa samaki William F. Smith-Vaniz mwaka 1984, na mwongozo umeugeuza kuwa sehemu nne za kitabu, kila moja ikiwa na rangi yake kwenye ukingo wa karatasi. Mtu aliyekwisha kugusa shina la mkia anajua mara moja kama afungue sehemu ya kijani au moja ya zile tatu nyingine, na kwa kweli hapo theluthi mbili za safari zimekwisha.

Nataka nieleze jaribio moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niuamini mwongozo huu. Nilikuwa na samaki wawili, wote wa rangi ya fedha iliyofifia, wote wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, waliokaa kwenye barafu usiku kucha. Nilishuku kwamba mmoja ni Caranx ignobilis, kolekole mkubwa kuliko wote wa jenasi yake, na wa pili ni Caranx sexfasciatus, lakini macho yangu hayakuwa na hakika hata kidogo. Miongozo mingi ingenielekeza kwenye rangi: kwamba sexfasciatus ana ncha nyeupe juu ya pezi la pili la mgongoni na doa dogo jeusi kwenye pembe ya juu ya kifuniko cha matamvua. Ni kweli anazo, lakini ncha ya pezi la samaki wangu ilikuwa imechanika, na barafu ilikuwa imeacha vivuli vya kijivu kila mahali kiasi kwamba doa lolote lingeweza kuwa la barafu. Kuhesabu magamba magumu nako kusingesaidia, kwa maana ignobilis huwa nayo kati ya 26 na 38, na sexfasciatus kati ya 27 na 36.

Ufunguo haukuniuliza rangi. Uliniagiza niwalaze chali, nifute kifua kwa kitambaa, kisha nipitishe ukucha polepole kutoka penye mapezi ya tumboni kuelekea kooni. Kwa samaki wa kwanza ukucha ulikwama kwenye kiraka kidogo cha magamba mbele kabisa ya mapezi hayo, kisha ukaingia kwenye ngozi tupu, laini na yenye unyevu, hadi kooni. Kwa wa pili ukucha ulikutana na magamba mwanzo hadi mwisho, madogo kama chembe za mchanga lakini hayakukatika popote. Kiraka kidogo chenye ngozi tupu kukizunguka ni kawaida ya ignobilis. Kifua chenye magamba kote ni cha sexfasciatus. Kazi yote haikuchukua dakika tatu. Baada ya hapo nilirudi kwenye doa la kifuniko cha matamvua na kuliona wazi kwa yule wa pili, kwa sababu sasa nilijua mahali pa kulitafuta. Michoro ya vifua imepangwa kwa safu katika kurasa mbili zinazotazamana, spishi kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, na kwangu mimi kurasa hizo mbili peke yake zinatosha kuhalalisha kuwepo kwa kitabu.

Mahali pengine mwongozo unakwenda haraka, na ni haki uende haraka, kwa kuwa wapo wa familia hii ambao hawana mfano. Megalaspis cordyla hujulikana kwa vipezi vingi vilivyotengana nyuma ya pezi la mgongoni na la mkunduni, pamoja na magamba magumu makubwa mno ambayo ndiyo yaliyompa jina la jenasi. Decapterus ana kipezi kimoja tu juu na kimoja chini. Trachurus ana magamba magumu kwenye mstari mzima wa ubavuni, tangu kichwani hadi mkiani, wala si kwenye sehemu ya nyuma peke yake. Gnathanodon speciosus aliyekomaa hana meno katika taya, na jina lake la Kigiriki linasema hivyohivyo. Hawa wamepewa nusu ukurasa kila mmoja, na sikuhitaji zaidi.

Kuhusu samaki wachanga, hata hivyo, sikuridhika. Katika familia hii mtoto mara nyingi hafanani na mzazi. Alectis mchanga huburuta nyuzi ndefu kutoka kwenye mapezi yake, ndefu kuliko mwili wenyewe, naye huonekana majini kama kiwavi wa baharini anayeelea. Nyuzi hizo hupungua anapokua hadi zikatoweka. Caranx sexfasciatus mchanga ana mistari mipana ya wima iliyomzalia jina la mwenye mikanda sita, ilhali mkubwa hana hata mmoja. Wataalamu wa zamani walipotoshwa na mabadiliko ya namna hii mara nyingi, wakampa mtoto jina moja na mzazi jina lingine, na orodha ya majina yaliyofutwa ya Carangidae imejaa makosa hayo. Kitabu kinazungumzia suala hili katika aya moja ya utangulizi, kisha kinaendelea kuonyesha wakubwa tu. Picha za wachanga ni sita katika kitabu kizima. Ningekubali kupoteza picha nyingi za rangi za samaki wazima wakiwa hai majini, ambazo ni nzuri kuzitazama lakini hazifanani na samaki anayekuwa mbele ya mtu wakati wa kutambua, ili nipate mfululizo wa picha za wachanga wa kila jenasi.

Kuna upungufu mwingine ambao si wa kupuuzwa kwa sababu unagusa usalama. Miiba ya mgongoni na ya mkunduni ya Scomberoides ina sumu, na ikichoma mkono huleta maumivu makali. Ufunguo unamwambia msomaji aihesabu miiba hiyo bila kumwonya lolote. Tahadhari ya mstari mmoja ingetosha, na naishangaa sana kukosekana kwake katika kitabu ambacho mahali pengine kinajali hivyo vidole vya msomaji wake. Maelezo mengine kuhusu kundi hilo ni sahihi na ya kuvutia, hasa kuhusu magamba yake membamba yaliyozama kwenye ngozi na kuhusu wachanga wake, ambao hula magamba wanayoyanyofoa kwa samaki wengine.

Nikifika kwenye uainishaji wenyewe, ambao ndio uliofanya ninunue mwongozo huu, sifa zangu zinapungua. Mwandishi ameupanga kitabu kama kwamba mgawanyo wa makundi manne, ndani ya oda (ngazi iliyo juu ya familia) ya Perciformes, ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Sivyo. Tafiti za vinasaba zimeitoa familia hii katika Perciformes na kuiweka katika oda yake ya Carangiformes, pamoja na jamaa ambao hakuna mtu angewadhania kwa kuwatazama: chazo anayejibandika kwenye papa, songoro, fulusi, sulisuli, hata gayogayo anayelala ubavu kwenye mchanga na macho yake yote mawili upande mmoja. Zaidi ya hayo, tafiti hizo zimeonyesha kwamba Scomberoidinae na Trachinotinae walijitenga mapema, na kwamba chazo, songoro na fulusi wako karibu zaidi na Caranx na Seriola kuliko wanavyokaribiana na makundi hayo mawili. Maana yake ni kwamba familia ya Carangidae kama tulivyozoea kuichora si tawi zima la mti, kwa vile baadhi ya watoto wa tawi hilo wamewekwa nje. Ndiyo sababu wapo wataalamu wanaoyatoa makundi hayo mawili na kuyaweka katika familia ya peke yake iitwayo Trachinotidae.

Sidai kwamba kitabu cha kutambulia samaki kifuate kila utafiti unaotoka. Magamba magumu ya mkiani hayaguswi na mabadiliko ya oda, na sehemu nne zenye rangi nne zitaendelea kuwa njia ya haraka ya kufika kwenye spishi. Lakini kunyamaza kabisa ni kosa, kwa kuwa msomaji anayekifunga kitabu akiamini kwamba miiba miwili ya mkunduni imethibitisha ukoo mmoja uliokamilika amefundishwa kitu kilichopitwa na wakati. Ukurasa mmoja wa maelezo ungetosha.

Kwenye ngazi ya jenasi ukimya huo unaumiza zaidi, kwa sababu hapo mtu hujikuta ameandika jina ambalo wenzake hawalitumii tena. Kwa muda mrefu Carangoides ilikuwa jenasi kubwa iliyobebeshwa kila kolekole mwenye bendi za meno madogo yanayolingana, asiye na meno makubwa ya safu ya nje ambayo Caranx huwa nayo. Lilikuwa kapu la kutilia mabaki, na wengi walilijua hivyo. Mwaka 2022 watafiti wa Japani wakiongozwa na Seishi Kimura walilipangua kapu hilo na kugawa spishi zake katika jenasi kadhaa, nyingine zikiwa za zamani zilizofufuliwa na nyingine mpya. Aliyekuwa Carangoides bajad sasa ni Flavocaranx bajad. Ferdau na orthogrammus wamo katika Ferdauia. Fulvoguttatus ameingia Turrum na mwisho wa jina lake umebadilika kuwa fulvoguttatum. Malabaricus ni Platycaranx. Plagiotaenia ni Craterognathus. Mwongozo huu, ambao toleo lake ni la baada ya mwaka huo, unawaita wote Carangoides bila hata tanbihi. Mtu anayelinganisha kumbukumbu zake na orodha mpya atadhani amekutana na spishi ambazo kitabu chake hakizifahamu, kumbe ni walewale waliobadilishiwa nyumba.

Hata hivyo sitaki kuonekana kana kwamba kila jambo la uainishaji limemshinda mwandishi. Maelezo yake kuhusu Parastromateus niger ni mfano wa namna kitabu kizima kingeweza kuandikwa. Samaki huyu mpana na wa rangi nyeusi aliwekwa kwa miaka mingi katika familia ya peke yake, kwa kuwa mkubwa wake hana mapezi ya tumboni na miiba yake miwili ya mkunduni imefichwa na ngozi. Anayetumia ufunguo bila uangalifu atamtoa nje ya Carangidae katika hatua ya kwanza. Mwandishi anamwonyesha mchanga ambaye bado ana mapezi ya tumboni, anaonyesha magamba magumu, ingawa dhaifu, kwenye shina la mkia, kisha anaeleza kwa nini wataalamu walimrejesha kwa Caranginae. Kurasa mbili hizo zinamfanya msomaji aone uainishaji ukifanya kazi: alama gani ilipotosha, alama gani ilirekebisha. Angefanya hivyohivyo kwa Carangoides, tathmini hii ingekuwa fupi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu majina ni mabano. Kila jina la spishi limeandikwa bila jina la aliyelitoa wala mwaka, huenda kwa ajili ya kuokoa nafasi, na kwa kufanya hivyo historia nzima imepotea. Caranx ignobilis kwa kawaida huandikwa pamoja na Forsskål, 1775, ndani ya mabano, na mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba aliyemwelezea kwanza alimweka katika jenasi nyingine. Peter Forsskål, mwanasayansi Mswidi, alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu na kufariki Yemeni mwaka 1763. Maandishi yake yalitolewa na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, miaka 12 baadaye. Humo kolekole huyu anaitwa Scomber, yaani yuko jenasi moja na samaki ambao leo wamo katika familia ya jodari. Linnaeus, mwasisi wa mfumo huu wa majina, naye alikuwa ametangulia kumwita Trachurus wa leo Scomber trachurus mwaka 1758. Mabano mawili yangeweza kubeba habari hiyo yote.

Nimewashauri wenzangu wanaoanza kujifunza familia hii wakipate kitabu hiki, na sitabadilisha ushauri huo, lakini nawaambia pia wasinukuu jina lolote la kisayansi kutoka humo bila kwanza kulitazama kwenye orodha ya Eschmeyer inayotunzwa na California Academy of Sciences, ambayo husahihishwa mara kwa mara na iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Yule ambaye tayari anazifahamu spishi na anatafuta maelezo ya ukoo wao hatapata cha kutosha humu. Mwenye samaki mkononi na shaka kichwani atapata mengi kuliko alivyotarajia.

Karatasi isiyopenya maji inapokea penseli vizuri, na kwa hiyo nakala yangu imeanza kujaa maandishi pembezoni. Kwenye ukurasa wa bajad nimeandika Flavocaranx. Kwenye ukurasa wa Scomberoides nimechora alama ya hatari kando ya miiba. Na kwenye jalada la ndani, penye nafasi tupu, nimechora upya mti wa familia, chazo akiwa mahali pake katikati ya kolekole.